Godoro Juu ya Kirinyaga

Mkwezi akianguka kutoka juu ya jabali la mita nne, kinachomwokoa si ujuzi wake wala maombi ya mamake. Ni godoro. Godoro lenyewe ni nene, linakunjwa katikati kama kitabu, lina mikanda ya kubebea mgongoni, na ndani yake kuna sponji ngumu juu na laini chini. Ukilitandaza chini ya jabali unaweza kuanguka, ukaamka, ukapangusa mikono na kujaribu tena. Ukilisahau kambini, hilo jabali ni kama dirisha la ghorofa ya kwanza.

Wenyewe huuita mchezo huu boldaringi. Hakuna kamba, hakuna misumari ya kupigilia mwambani, hakuna kilele cha kufikia. Ni wewe, viatu vya mpira vinavyobana vidole, kifuko cha chaki kiunoni, na jabali ambalo mtu mwingine angepita kando yake bila kugeuza shingo. Kwa sababu vifaa ni vichache hivyo, utasikia wakisema ndio mchezo msafi kuliko yote ya milimani. Mimi hayo magodoro nimeyabeba kwa mgongo wangu, na kuhusu huo usafi nina swali moja. Godoro linalazwa juu ya nini?

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo ikiwa imeshinda watu nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Kazi za kuandika zikikauka, napanda matatu hadi Nanyuki kwa binamu yangu, ambaye ni mwelekezi wa watalii Mlima Kenya, naye hunitafutia mzigo. Hivyo ndivyo nilijikuta pota wa magodoro. Niwaambie tu, si mzito huo mzigo. Shida yake ni upepo. Kuanzia Old Moses, mita 3,300, hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200, msitu umekwisha na hakuna cha kukukinga, na godoro mgongoni linageuka tanga. Tulipovuka Liki North nilitembea kama kaa, ubavu mbele.

Wateja walikuwa watatu: wawili wametoka Ulaya, na mmoja kijana wa Nairobi aliyejifunza kukwea kwenye ukuta wa ndani, kisha Lukenya. Walikuwa watu wazuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu insha za namna hii hupenda kumtafuta mjinga wa kumcheka, na hapa hakuna. Walibeba takataka zao. Walijua wasiwape pimbi chakula, hata pimbi wa Shipton's walipokuja kuwakalia miguuni kama wenye nyumba wanaodai kodi. Walikuja na mifuko ya kubebea hadi kinyesi chao, kwani walisoma kwamba kwenye baridi ile uchafu hauozi upesi. Ukiufukia leo, mwakani unaweza kukutana nao. Kwa kifupi, walikuwa wamefanya kazi yao ya nyumbani.

Ndiyo maana ubishi wao wa siku ya pili ulinishika.

Jabali walilolipenda liko mwendo wa nusu saa juu ya kambi. Lina uso laini ulioinama mbele, na katikati kuna ufa mmoja wa kutosha vidole vinne. Hata mimi nisiyekwea niliona uzuri wake. Tatizo lilikuwa chini, mahali pa kuangukia. Kulikuwa na mawe matatu yamechomoza, matuta ya nyasi ndefu pande zote, na kati ya mawe lobelia changa, mviringo wa majani wenye ukubwa wa chapati. Godoro halikukaa. Kila walipolilaza lilibinuka upande mmoja.

Mmoja wa wale Wazungu akasema, kwa upole kabisa, kwamba kazi ni ndogo: mawe mawili yasogezwe, nyasi zilaliwe na godoro, lobelia izungukwe ikiwezekana. Kijana wa Nairobi akamgeukia binamu yangu.

"Bro, tukiyasogeza kidogo tu, kuna shida?"

"Mimi ni mwelekezi, si askari wa hifadhi," binamu akajibu. "Lakini nikuulize. Ukianguka hapo jinsi palivyo?"

"Naweza vunja kifundo."

"Na ukivunja, unajua nani atakubeba?"

Alitutazama sisi mapota. Tulikuwa wanne. Kutoka pale hadi mahali gari linaweza kufika ni siku nzima kwa mtu mwenye miguu miwili mizima.

Sasa hapo ndipo swali linapokuwa gumu, na sipendi jinsi watu wanavyolirahisisha. Ukiongea na wapenda mazingira, wajibu wa mkwezi ni kwa mmea: usikanyage, usisogeze, usiache alama. Ukiongea na mwalimu wa kukwea, wajibu wa kwanza ni mahali pa kuangukia: hakikisha, sawazisha, usimwache mwenzako aanguke juu ya jiwe. Wote wawili wanatumia neno lilelile, wajibu, na pale chini ya jabali yalikuwa yanavutana kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Ukiilinda lobelia unahatarisha mguu. Mguu ukivunjika, anayelipa si mwenye mguu peke yake. Ni sisi wanne na machela, usiku, kwenye barafu. Kwa hiyo mtu akiniambia kusogeza jiwe ni ubinafsi, siwezi kukubali moja kwa moja. Mgongo wangu ulikuwa kwenye hesabu.

Lakini kwanza lobelia, maana msomaji wa Nairobi anaweza kudhani ni gugu.

Kule juu hakuna majira kama tunayoyajua. Kila mchana ni kiangazi, kila usiku ni baridi ya kugandisha. Maji yaliyo kwenye udongo huganda usiku yakawa sindano za barafu zinazoinua udongo juu, jua likitoka zinayeyuka na udongo unaanguka chini. Kila siku hivyo. Mche mdogo ukijaribu kushika mizizi kwenye udongo uliobaki wazi, unang'olewa kabla haujajua uko wapi. Ndiyo sababu pale nyasi zikishafutwa, panaweza kubaki kipara miaka na miaka. Mimea mikubwa imejifunza kuishi hivyo kwa subira ambayo sijaona kwingine. Ile lobelia iitwayo telekii hukua kwa miaka makumi ikiwa mviringo wa majani tu, kisha inatoa ua mara moja, mnara wa manyoya unaoweza kumpita mtu urefu, chozi wenye mkia mrefu wanakuja kunywa humo, na ua likiisha mmea wote unakufa. Mara moja tu. Nayo ile miti ya senesio, inayofanana na mgomba uliovaa koti, lile koti ni majani yake makavu. Hayaachi yaanguke kwa sababu ndiyo yanayolinda shina lisigande. Nimeona watu wakiyabandua wapate kukalia. Ni kama kumvua mtu sweta saa nane za usiku.

Kwa hiyo ile chapati ya majani chini ya jabali pengine ilianza maisha kabla sijamaliza shule ya msingi, na ilikuwa haijafanya lile jambo moja ililokuja kufanya.

Mzungu wa pili, aliyekuwa kimya, akatoa hoja ambayo bado naiona kuwa bora kuliko zote za siku ile. Akasema: hii barafu yenu inasogeza mawe kila usiku. Bonde lote hili ni mawe yaliyoporomoka. Tukisogeza mawili, tumefanya nini ambacho mlima haujifanyii wenyewe?

Nililala na hoja hiyo. Nikijibu kwa haraka ningesema mlima hauna nia na sisi tunayo, lakini hilo halinitoshi. Lobelia haijali nia ya kilichoiua. Nafikiri jibu liko kwingine. Barafu ikisogeza jiwe, haijatengeneza mahali. Mtu akisogeza mawe mawili na kulaza nyasi, ametengeneza kitanda, na kitanda kinajisemea. Anayekuja baada yake anaona pamesawazishwa, anajua pana jabali la kukwea, anatandaza godoro lake palepale bila kujiuliza lolote, kwa sababu swali limeshajibiwa na mtu ambaye hayupo. Mwaka wa tatu kuna njia ya miguu kutoka kambini. Wa tano kuna njia mbili, kwa vile ya kwanza imekuwa tope. Hakuna hata mmoja wao aliyefanya baya ambalo angeweza kushtakiwa nalo. Tunapenda kuuliza, "Mimi mmoja nitaharibu nini?" na jibu la kweli huwa ni "kidogo sana". Ila swali limekosewa. Mwenye kusawazisha mahali hafanyi kwa niaba yake mmoja. Anawakubalia watu asiowajua.

Chaki pia ni hivyo, ingawa inaonekana jambo dogo. Ni magnesiamu kaboneti, inakausha jasho la vidole. Chini ya uso ulioinama mvua haifiki, kwa hiyo alama nyeupe zinakaa, na mkwezi mwingine anazisoma kama maandishi ya njia. Wale wateja wetu walikuwa na burashi na walifuta baada ya kila jaribio. Wengine hawafuti. Tena kuna wanaosugua ukoga na likeni kwa burashi ya waya wapate pa kushika. Hiyo michoro ya rangi ya machungwa na kijivu unayoiona juu ya jiwe ni kitu kilicho hai, na hukua polepole kiasi kwamba wanasayansi huitumia kukadiria umri wa mawe yaliyoachwa wazi na barafu.

Jioni hiyo palitokea jambo lingine. Waliuliza kama magodoro yanaweza kufichwa chini ya mwamba hadi warudi mwezi ujao. Ingetupunguzia mzigo, walisema, na kweli walikuwa wanatuhurumia. Mapota tukatazamana: mzigo ukipungua, pota mmoja amepungua! Hatukusema. Binamu alisema tu kwamba panya na pimbi wangelala humo na kulitafuna. Baadaye nilisoma kwamba milima ya Colorado, Marekani, ina historia ndefu ya magodoro kufichwa chini ya mawe msimu mzima, na kule anayeyatafuna ni marmoti, akifuata chumvi ya jasho. Kwa hiyo uvivu huu hauna kabila.

Hoja niliyoogopa zaidi haikutoka kwa Wazungu. Ilitoka kwa yule kijana wa Nairobi, tukinywa chai.

"Unajua kinachoniudhi?" akaniuliza. "Hili bonde linaitwa Mackinder. Lile lingine Teleki. Kambi ni Shipton. Walikuja, wakakwea walivyotaka, wakaandika majina yao. Sasa sisi tumeanza kupata viatu, mnatuambia tutembee kwa vidole."

Ana haki. Mackinder alifika Batian mwaka 1899. Hifadhi ya taifa ilitangazwa 1949, na serikali ya kikoloni, kwenye mlima ambao watu walikuwa wakiuelekea katika sala vizazi na vizazi. Wazo lenyewe la nyika tupu, mahali ambapo binadamu ni mgeni asiyebaki, kama sheria ya Marekani ya 1964 inavyolieleza, lilitoka kwa watu ambao mara nyingi walianza kwa kuwaondoa wenyeji ndipo wakasifu utupu. Na pia kuna furaha ambayo sitaki kuiondoa kwa mtu. Uhuru ulipofika 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera huko juu. Hakuna Mkenya niliyemwona akifika Point Lenana alfajiri akabaki na uso wa kawaida.

Tena kijana aliongeza jingine: mnahangaika na nyasi za godoro moja, na barafu ya Lewis inakufa mbele ya macho yenu? Moto wa 2012, moto wa 2019, ule uliochoma nyika ya huku juu, godoro langu lilikuwa wapi?

Sikuwa na jibu zuri usiku ule. Ninalo sehemu sasa. Barafu ya Lewis inayeyushwa na moshi wa dunia nzima, na mkono wangu hauifikii hata nikitaka. Lobelia ilikuwa chini ya mkono. Sioni kwa nini ukubwa wa lile nisiloliweza unipunguzie lile ninaloliweza. Kama nyumba ya jirani inaungua, sipati ruhusa ya kumkanyagia mtoto wake. Na kuhusu Mackinder: ndiyo, walichukua walichotaka. Lakini nikitetea haki yangu ya kuharibu kama yeye, bado ni yeye anayenielekeza njia.

Cucu yangu ameuona mlima huu kila asubuhi isiyo na mawingu maisha yake yote. Ni mtu wa kanisa, si wa kuniambia hadithi za Ngai kukaa kileleni, hizo nilizisoma. Lakini nilipomwambia natoka kazini juu, aliniuliza swali ambalo wateja hawajawahi kuniuliza: "Huko juu mnaendaga kuchukua nini?" Hakuwa analaumu. Alitaka kujua kweli, maana kwake mlima ni kitu cha kuelekea, na umeshampa alichohitaji akiwa shambani. Sitaki kumfanya mtakatifu wa mazingira. Kuna watu wa upande wake waliopanda kufuata asali, na miaka ya 1950 wapo waliojificha msituni humo kupigania ardhi. Ninachosema ni kwamba kuna uhusiano na mahali ambao haudai kufika. Wakwezi wamenifundisha maneno mengi, namna ya kushika, namna ya kuanguka, namna ya kusafisha baada yao. Sijawasikia wakiwa na neno la kuliacha jiwe.

Na hilo ndilo nililolitaka pale chini ya jabali. Ule ubishi, mguu au lobelia, ulikuwa mgumu kwa sababu kitu kimoja kilichukuliwa kama hakiwezi kuguswa: kwamba jabali litakwewa. Ukikiondoa hicho, mbuzi wote wawili wanafunguliwa kamba. Mguu uko salama, lobelia iko salama, mgongo wangu uko salama. Anayepoteza ni mmoja tu, mwenye hamu, na anapoteza dakika tano za furaha katika bonde lenye mamia ya majabali mengine, baadhi yakiwa yamesimama juu ya changarawe tupu ambapo godoro haliumizi kitu. Sidharau hamu hiyo. Mtu ametumia akiba yake, amepanda siku mbili, ameona ule ufa na vidole vimemwasha. Kuliacha ni hasara ya kweli. Ila ni hasara anayoweza kuibeba mwenyewe bila pota.

Waliliacha, kwa taarifa yako. Sijui kama ni kwa sababu ya lobelia au machela, na sikuuliza. Walikwea mengine mawili kwenye changarawe, wakaanguka sana, wakacheka sana.

Ningeishia hapo kama yule kijana wa Nairobi asingeniandikia wiki tatu baadaye. Anatengeneza mwongozo wa wakwezi wa Kenya, wa kwenye simu, na anataka nimwandikie kurasa za bonde lile: njia, picha, nukta ya ramani ya kila jabali, likiwemo lile. Malipo shilingi 15,000. Kwangu hiyo ni kodi ya miezi miwili na chenji kidogo, na mwezi huu sina kazi nyingine.

Rahisi ningesema siri itunzwe. Lakini siri ina wenyewe. Wenye gari na marafiki wa klabu wanajua majabali yako wapi hata bila mimi. Asiyejua ni mtoto wa Nyeri au Nanyuki anayeuona mlima kila siku na hajui pa kuanzia. Nikikataa kuandika, namlinda nani dhidi ya nani? Nikiandika, mimi ndiye ninayesawazisha mahali pa kuangukia, tena bila kusogeza jiwe hata moja, kwa ajili ya watu ambao sitawaona.

Nilimjibu kwamba bonde sitaliandika jabali kwa jabali. Nitaandika jinsi ya kulitembea, nini kinaota pale na kwa miaka mingapi, kwa nini utafute changarawe, kwa nini ushuke na kila ulichopanda nacho. Na kwa hizo nukta za ramani nikapendekeza Lukenya, karibu na Athi River, ambako wakwezi wamekwea miaka mingi na njia zimeshakanyagwa. Nyasi za kule mvua ya Aprili huzirudisha. Mtoto anayeanza aanzie hapo, aanguke mara mia.

"Lukenya kila mtu anaijua," akaandika. Kisha: "Wacha nifikirie."

Bado anafikiria. Mimi za Lukenya nimeanza kuziandika hata hivyo, bila kujua kama zitalipwa. Ukurasa wa kwanza ni wa mahali pa kuegesha gari, na choo.